Keki ya Uhuru Iliyodidimia Chanji

Mama Agnesi, mke wangu mpenzi,

Goti linaendeleaje? Huku kwao Chanji, Sumbawanga, mvua inanyesha, nami nimevaa sweta mbili mchana.

Niliwaahidi wakwe zetu kwamba wataila keki yako Siku ya Uhuru kana kwamba umekuja mwenyewe. Nikafuata daftari lako neno kwa neno: sufuria jikoni, makaa mengine juu ya mfuniko. Keki ikaumuka vizuri, kisha ikadidimia katikati.

Mama mkwe wa Agnesi akachungulia. "Mkwe, umetuokea Ziwa Rukwa!"

Agnesi hakucheka. "Baba, wageni wanafika saa nane. Watasema kwetu hatujui kuoka."

Nikaanza kueleza, unanijua: huku juu Ufipa hewa ni nyepesi, kwa hiyo bekingi pauda huinua keki haraka mno, nayo hushuka kabla haijaiva.

"Basi punguza, Mwalimu," akasema mkwe. "Somo tutalimalizia tukila."

Tukapunguza nusu. Rangi za bendera za kuipamba zilipatikana dukani isipokuwa nyeusi, basi mkwe akakaanga unga wa ulezi mpaka ukawa mweusi, tukapata ule mstari wa katikati. Keki ya pili ikasimama. Wageni walipouliza nani kaoka, Agnesi akajibu, "Mama yangu."

Katika daftari lako, kando ya bekingi pauda, nimeongeza: "Ufipa, nusu kijiko." Nimeandika kwa penseli. Goti likipona, uje upime mwenyewe, kisha ufute au ukoleze kwa kalamu.

Nakukumbuka kila nikinywa chai.
Baba Agnesi