Jembe la Chunguni

Dada Resti, shikamoo. Huku mbele ya mji wa Matai upepo ni wa baridi kali. Nimevaa masweta mawili ya mitumba, lakini leo natetemeka kwa hasira.

Unajua tunavyohangaika maabara na dawa ya malaria: tunaiga kitu cha asili kilichomo kwenye mzizi wa huku, kisha tunakipachika chuma. Mwaka jana bosi wangu alikuja huku kwa bibi mmoja mganga, akachukua dawa yake, tukaipima, haikuua kimelea hata kimoja. Akaandika kwenye ripoti kwamba bibi ni mwongo.

Leo bibi kanipa ugali wa ulezi, halafu akachemsha mzizi mbele yangu. Chunguni akatumbukiza jembe la zamani alilofua babu yake. Majembe ya nje yamejaa madukani tangu biashara iwe ruksa, lakini hayataki. Nikamuuliza kama bosi aliliona.

"Alisema lina kutu, ni uchafu, nilitoe. Mgeni wa serikali akisema toa, utabisha?"

Chuma, dada! Labda kinafanya kazi, labda hakifanyi, lakini hatukukipima!

"Sasa mwanangu," bibi akasema, "mlipima dawa ya nani?"

Nikamwomba lile jembe.

Nibusie watoto, mwambie shemeji asali yake nimepata. Bibi ameniazima jembe, nimelifunga kwenye kanga. Nitaliweka mezani kwa bosi na kutu yake yote, juu ya ile ripoti.

Mdogo wako,
Skola