Motokari Iko, Shofele Haiko

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 14 ya mwezi wa tano, 2024

Mupendwa Plamedie, bibi yangu mudogo,

Jambo sana. Nakupa jambo mara mbili, juu ya kwanza inaweza kuanguka mu njia mbele ya kufika Mitwaba. Uko muzima? Mutoto yako Chance iko muzima? Meno yake ilishatoka yote, ao angali anakunywa paka supu tu? Na ile baridi ya ku milima, unavaa bintu ya moto? Miye niko muzuri. Magoti inalia kidogo asubui, lakini tunasikilizana: yenyewe inalia, miye najifanya sisikie.

Unajua, kwetu nkambo, babu ya nyumba, anaita mujikulu yake mwanamuke "bibi", na hakuna muntu anakasirika. Alors nakuuliza kama bwana yako: bukari yako ya bunga inashikamana sasa, ao ingali ile uji ya kunywa na kikombe? Hortense, bibi yangu mukubwa, Mungu amupumuzishe, alikufa akingali na haya juu ya ile bukari yako. Nacheka tu. Usitupe barua.

Miye si muntu wa barua. Masomo yangu iliishia ku katekismu, na herufi yangu inatembea kama bantu balitoka kunywa lutuku. Lakini hii mambo siwezi kuisema ku telefone. Ku telefone nasikia weye unacheka, na weye ukicheka, miye naongeza chumvi. Karatasi haicheke. Donc soma polepole, ukiwa umeikala.

Tuanze na motokari, juu njo kazi ulinituma. Ulisema: nkambo, weye uliendesha kamyo miaka makumi tatu, nenda unichagulie motokari yangu ya kwanza, ikuwe ya vitesi ya mukono, uilete weye mwenyewe paka Mitwaba, na ubakie kwangu kiangazi yote, unifundishe kuiendesha. Ulisema vile mara moja tu, lakini nayajua yale maneno kama Baba Yetu.

Nilienda ku parke ya Casimir, ule anauzisha motokari yenye kupitia mupaka wa Kasumbalesa. Kwanza alinionyesha moja nyeupe, ya otomatiki. Eti, Papa, hii ni ya bibi, haisumbue. Nikamwambia: "Casimir, bibi huyu anaikala Mitwaba, haiko Paris." Otomatiki ikizimika mu pori, unabakia nayo munaangaliana kama bageni babili. Ya vitesi ya mukono, hata batiri ikufe, bantu batatu banasukuma, unaachia ambreyaji, ile pedali ya kushoto, na inaamuka. Na mu kushuka mulima unatia vitesi ya pili, mashini yenyewe inashika motokari, freni inapumuzika. Hii usiisahau, hata kama muwalimu wako atakuwa muntu mungine.

Ya pili ilikuwa nyekundu, inangaa kama mutoto wa komunyo. Ka saa ka kilometa kalisema ilitembea kidogo tu. Miye sikuangalia ile saa. Nilipiga magoti, nikaangalia pedali ya ambreyaji: ilikulika upande moja kama kisigino ya kiatu ya katekista. Pedali haiseme uongo. Nikasema: "Hii motokari ilizunguka dunia mara mbili, pole yake, muiache ilale." Bantu bote ya parke balicheka. Casimir akapiga makofi: "Papa shofele! Muzee wa kazi!"

Ya tatu njo yako. Ka jeep kadogo ka rangi ya majivu, volani, ule usukani, ku kuume. Nililala chini yake na shati yangu ya misa, hakuna mafuta inadondoka. Nilimwambia Casimir aiwashe, nikatia mukono juu ya fimbo ya vitesi. Ile fimbo ikitetemeka sana, ujue ndani kumechoka. Hii ilitulia kama mukono ya mama juu ya mutoto. Vitesi zote tano zinaingia bila kelele. Ya kurudi nyuma njo inalia kidogo, lakini hata miye nikirudi nyuma nalia.

Saa ile nilishajua: njo hii. Ilikuwa siku ya kwanza, mbele ya saa sita. Na hapa, bibi, pokea uongo yangu ya kidogo: nilikuambia kuchagua kulinibeba siku kumi na moja. Hapana. Kuchagua ilikuwa asubui moja. Siku ingine zote nilikuwa naenda kuikala tu.

Kuikala wapi? Ku kiti ya mbao pa mulango ya parke. Mu nyumba hapa, tangu Hortense alienda, napika bukari na mukono yangu haijue kipimo ya muntu mumoja. Napika ya babili. Nakula ya mumoja, ile ingine naiangalia. Radio inasema, miye naijibu, yenyewe haingoje jibu. Kuko siku inapita toka asubui paka jua kuingia, na mudomo yangu haikusema hata jambo. Lakini nikifika kwa Casimir, banaita toka mbali: "Papa shofele, kuya, utwambie ile ya simba!" Basi nabambia vile simba aliikala juu ya kapoti paka Likasi, juu alikuwa anasikia baridi. Kila siku ule simba anaongezeka kilo. Kama ningesema nimeshachagua, kesho yake ningeenda wapi? Nikawa nakwambia ku telefone: ningali naangalia, bibi, ningali naangalia. Na weye wakati ule unatembea na miguu mu bijiji kutia batoto ya bantu sindano. Ile unisamehe.

Siku ya kumi na moja Casimir alichoka kungoja. Akasema: "Papa shofele, leo ikala ku volani, tuone mukono ya bakubwa." Bote balisimama kuangalia. Ningekataa namna gani?

Sasa sikia vizuri. Mu kamyo yetu ya zamani volani ilikuwa ku kushoto. Mu hii yako iko ku kuume. Nikafungua mulango ya kuume, nikaikala, na mwili yangu yote ikafurahi: njo kiti yangu! Miaka kumi na kenda niliikala upande ule ule. Paka volani njo ilikuwa mugeni.

Nikawasha mashini. Kuwasha najua, tena sana. Nikatia vitesi ya kwanza vile niliona ikitiwa mara elfu, na ikaenda. Bibi yangu, ikaenda! Nikatosha mukono mu dirisha kama gavana anapita. Casimir pembeni yangu anacheka meno yote. Tukafika ku ka mulima kale ka kutokea ku barabara. Mashini ikakohoa, ikazimika, motokari ikaanza kurudi nyuma polepole, kama muntu anaondoka ku kilio bila kuaga.

Shofele anafanya nini pale? Anakanyaga freni. Hata weye haujajifunza, unajua. Miye nilifungua mulango, nikaruka inje, nikabeba jiwe, nikaitia nyuma ya mupira. Casimir alibakia mule ndani, upande haina volani, anaita batakatifu bote, hata bale habajatangazwa. Jiwe ikashika. Motokari ikasimama, haikukwaruzika hata kidogo, usiogope.

Bantu ya parke bakakimbia kufika. Casimir akatoka na jasho, akaangalia jiwe, akaniangalia miye.

"Papa, shofele hakimbie volani."

"Sikuikimbia. Nilienda kuisaidia huku inje."

"Mwenye kuruka na jiwe ni boyi-shofele."

Balicheka paka kuikala chini. Miye pia nilicheka, tena kupita bote, toka kule paka ku mulango ya nyumba yangu. Pale nikaacha.

Alisema kweli. Sikuendesha kamyo miaka makumi tatu. Sikuendesha hata siku moja. Shofele alikuwa Edouard, na miye nilikuwa boyi-shofele wake: kupasha mashini moto asubui, kutia maji, kufunga mizigo, kubadilisha mupira, na kamyo ikishindwa mulima, kuruka na jiwe. Kila mwaka Edouard alisema, Faustin, mwaka unakuya nitakufundisha. Miaka kumi na kenda, mwaka unakuya. Kisha macho yake ikaharibika, kamyo ikauzishwa, na ule mwaka haukufika. Lakini uandike hii mu kichwa yako: mu Katanga yote hakukuwa boyi-shofele kama miye. Kamyo yetu haikurudi nyuma hata mupira moja. Edouard mwenyewe alikuwa analala usingizi ku mulima, anajua Faustin iko.

Uongo ilianzia kwa Hortense. Siku nilimuona mara ya kwanza, Edouard alienda kunywa maji, miye nilikuwa nasimama pa mulango ya kamyo. Hortense akauliza kama kamyo ni yangu. Mukono yangu yenyewe ikaenda juu ya volani, na mudomo ikafuata mukono. Alijua ukweli mbele ya ndoa, na hakunipa haya mbele ya bantu hata siku moja. Batoto bakizaliwa, aliwaambia baba yenu ni shofele. Sasa hakuna tena muntu hapa Lubumbashi anajua ile uongo na ananipenda nayo. Dada yangu Agnès anajua, lakini yeye iko kule kwenu.

Kisha ile mambo ya jiwe, siku tatu sikutoka mu nyumba. Hakuna mwenye kupiga hodi, na sikubangoja. Hapo tena naongopa. Nilibangoja. Nilifagia pa mulango mara mbili kwa siku.

Siku ya ine nilirudi juu ya motokari yako. Casimir akanisogezea kiti, akasema paka: "Ulichelewa, Papa." Bale bengine bangali banacheka, lakini kiti balinichungia. Tukapatana mambo ya mwisho, makaratasi iko na jina yako. Ndugu yake Ruben, shofele wa kweli mwenye permi ya kuendesha, ataitosha hapa siku ya posho, ile Jumamosi inakuya, asubui, aipeleke paka ku mulango yako. Ruben akaniambia kiti ya pembeni yake haina muntu. Sikumujibu.

Sikumujibu juu jibu haiko yangu. Weye uliita shofele, uliita muwalimu. Ule muntu haiko, na hakukuwako hata siku moja. Kunabakia muzee mwenye kusikia ugonjwa ya mashini na sikio, mwenye kubadilisha mupira mbele ya weye kumaliza Salamu Maria tatu, na mwenye kuweza kumuchunga Chance ukiwa ku kazi. Kama ulimutaka ule mungine, sitakasirika. Ruben ni muntu wa subira, atakufundisha siku mbili tatu, na atarudi zake. Nakuomba paka usinibebe juu ya huruma. Huruma ni muzigo, na njia ya kwenu iko mubaya.

Lakini kama kuko nafasi kwako ya huyu mwenye kubakia, nipigie mbele ya posho. Barua hii naituma na mufanyabiashara mumoja anapanda na piki, itakufikia mbele. Usiseme mingi, juu ukisema mingi nitaanza kukuchekesha, na siku itapita. Sema "kuya", ao sema "bakia". Neno moja. Nitaisikia.

Salimia sana Agnès. Mwambie sasa iko na ruhusa ya kusema ukweli juu yangu, lakini asiseme yote siku moja, aachie ingine ya kesho. Mushike Chance mashavu yote mbili kwa niaba yangu. Salimia benzako ya ku kazi, na bale bamama banakupa mihogo mu njia.

Mungu atembee mbele yako mu bijiji byote unaingia, atoshe nyoka mu njia, na akulete ku nyumba kila siku jua ingaliko.

Ni miye, bwana yako muzee, mwenye kukupenda, na hii haiko hadisi,

Faustin,
boyi-shofele