Nguo za Siku ya Tano

Pomamarca, 6 Julai 1996

Mdogo wangu Percy,

Hujambo huko Lima? Kifua kimeacha kukubana na ule ukungu wenu? Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatutia adabu. Viazi nimevitandaza nje vigande, na kila asubuhi navikanyaga kwa miguu mitupu vitoe maji vikauke, mpaka vidole vinakufa ganzi.

Mama Eulalia, mama yako wa ubatizo, anakusalimu. Bado anawachekesha watu na kisa chako cha mtoni. Anasema hajaona mwanamume wa kuwaambia wafiwa wasimame kwenye maji ya barafu wangoje jua. Nilimwambia huyo ndivyo anavyofanya kazi, hawashi taa ya kamera, anasubiri mwanga wa Mungu. Akanijibu, basi angemhimiza huyo Mungu wake, maana magoti ni yangu.

Percy, unajua kwetu nguo za marehemu hazipigwi picha. Siku ya tano baada ya kifo tunazifua mtoni, marehemu anaiachilia nyumba, yamekwisha. Wazee walinisema sana. Nilikuruhusu kwa sababu ulikuwa mbali mama alipokata roho, na uliniambia, dada, nipe hii moja tu, iwe ya nyumbani. Hata wingu lilipopita ukaniomba nilitumbukize tena shali lake la zambarau nikaliinue upya, nilirudia. Macho yako yalikuwa mekundu, nikakuonea huruma.

Sasa nitumie hiyo picha. Nimeshaitengea mahali ukutani, pembeni mwa mshumaa.

Na usisahau mwezi wa tano mwakani. Wewe ndiye kitindamimba, ni wewe wa kunivua hii nguo nyeusi ya msiba mwaka ukitimia. Usipokuja nitaivaa mpaka inioze mwilini.

Dada yako,
Teófila


Lima, 15 Septemba 1996

Dada Teo,

Shikamoo. Kifua kinaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi. Chumba changu kiko juu ya paa na huku jua ni la kuombea, miezi inapita mbingu zote ni rangi ya majivu. Naamka alfajiri kwenda kuwapiga picha wauza uji wa kwinoa, nangoja mvuke uguswe na mwanga kidogo, mara nyingine narudi bila kitu.

Ile picha bado. Nataka niisafishe kwenye karatasi nzuri, siyo hii ya kubanduka. Lakini nimeitazama, dada. Matone ya maji yameshika mwanga wote, na wewe umerusha kichwa nyuma unacheka. Sijawahi kupata mwanga wa namna ile na sidhani kama nitaupata tena. Kuna watu hapa niliwaonyesha, wakaipeleka dirishani waitazame tena.

Kwa sasa pokea hii ya ng'ombe wa mzee Wenceslao akinywa maji. Mwezi wa tano nitakuja hata kwa miguu.

Mdogo wako,
Percy


Pomamarca, 19 Januari 1997

Percy,

Natumaini u mzima. Mimi mwenyewe sijui nikoje.

Juzi nilishuka mjini kununua sukari na mishumaa. Yule Hermelinda wa dukani alikuwa anawagawia wateja kalenda ya mwaka mpya, ya sabuni ya unga. Akanipa moja huku anacheka, akaniambia, Teo, siku hizi wewe nyota, mbona hukutuambia. Nikatazama. Ni mimi, nimeinua shali la mama juani.

Chini wameandika: Furaha ya siku ya kufua.

Nilikalia gunia la mchele pale pale. Shali lile lilikuwa na jasho la homa yake ya mwisho. Na kile kicheko, Percy, ulikuwepo, ulisikia. Shali lilinasa kwenye jiwe, Mama Eulalia akaliuliza kana kwamba ni mama mwenyewe, sasa Basilia, unakwenda au mpaka tukubembeleze? Siku ile tunaruhusiwa kucheka ili marehemu aondoke bila mzigo. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Sketi yangu nyeusi haimo, picha imekatwa kiunoni, imebaki blauzi nyeupe. Anayeitazama ataona mwanamke aliyependezwa na sabuni.

Iko kwa kinyozi. Iko kwenye kituo cha afya. Muuza pombe ameitundika mlango wa choo. Jumapili baada ya misa mzee Wenceslao aliniuliza mbele za watu kama mama tumemuuza kwa kilo. Nilishika njia ya nyumbani, kwa sababu aliyekuruhusu ni mimi.

Niambie wameiiba. Sema hivyo tu, nami nitakuamini.

Dada yako,
Teófila


Lima, 23 Februari 1997

Dada yangu Teo,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako imeninyima usingizi.

Wameiiba. Nilipeleka mkanda kusafishwa, kijana mmoja wa pale akatoa nakala kwa siri akawapa watu wa sabuni. Nimekwenda kumkabili, ameshaacha kazi. Nitatafuta wakili. Waambie wazee kwamba mimi nimeumizwa kama wao.

Usilie, dada. Mwezi wa tano tutayamaliza haya uso kwa uso.

Mdogo wako,
Percy


Pomamarca, 30 Machi 1997

Percy,

Huku mvua imepungua na mahindi yamekubali. Mama Eulalia aliteguka kiwiko, anaendelea vizuri.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wazee. Niliwaambia, mmesikia, mdogo wangu ameibiwa, mwacheni. Mzee Wenceslao akavua kofia, akaomba radhi. Nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Kalenda ile nilikuwa nimeificha chini ya godoro la mama, sikutaka kuiona. Wiki iliyopita nikaitoa niichome, upepo ukaifunua. Kumbe mimi ni Januari tu. Machi ni kitanda cha mama, kitupu, na jua la dirisha la jiko likiwa juu ya blanketi. Picha hiyo hata sikujua kama uliipiga. Juni ni miguu yangu juu ya viazi. Oktoba ni Mama Eulalia amesinzia kwenye benchi, mdomo wazi, maskini. Mwizi gani huyo, Percy, anayeiba picha kumi na mbili akazipanga kwa majira?

Na mimi nimewasomea watu barua yako.

Ile niliyokuomba ya ukutani hujaniletea mpaka leo. Picha pekee niliyo nayo ya shali la mama ina pakiti ya sabuni kwenye kona.

Nijibu kama mtu.

Dada yako,
Teófila


Lima, 27 Aprili 1997

Dada,

Shikamoo. Natumaini kiwiko cha Mama Eulalia kimepona.

Sawa. Niliwapa mimi. Hawakuniuliza nguo ni za nani, na mimi sikuwaambia, kwa sababu ningewaambia wasingeichukua. Kuhusu yule kijana nilidanganya, uliniomba mwenyewe niseme wameiiba.

Lakini na wewe nifikirie. Miaka yote hii Lima napiga picha za arusi za watu, nalala juu ya paa la watu. Mara moja tu nimeshika kitu chenye uhai, na watu wakakiona. Mama hajawahi kutoka Pomamarca maisha yake yote, leo shali lake liko katika kila nyumba. Mimi sioni aibu iko wapi. Nyinyi mnaona sabuni, mimi naona ule mwanga.

Nitafika tarehe 29 Mei na basi la usiku, kukuvua nyeusi kama tulivyokubaliana. Kuna jarida moja limesikia habari ya desturi yetu, linataka picha chache. Hili ni la watu wa heshima, siyo biashara ya sabuni. Ukiweza panga tuanze saa mbili asubuhi, uani, kwenye ukuta mweupe. Saa hiyo jua linapita vizuri juu ya kilima.

Mdogo wako anayekupenda,
Percy


Pomamarca, 8 Juni 1997

Percy,

Salamu za afya naziruka, ulituona sote kwa macho yako.

Uliondoka bila kuuliza, kwa hiyo nakueleza. Nyeusi nilivuliwa kabla hakujapambazuka, giza totoro, hatuonani nyuso. Aliyenivua ni Mama Eulalia, akipapasa vifungo na kile kiwiko chake, akinilaani kwa upendo. Nilichagua saa hiyo kwa sababu nakujua, bila jua wewe huna kazi. Nilitaka jambo moja la mama libaki letu.

Kisha nikakusubiri. Hili hukulijua. Nguo nyeusi niliikunja nikaiweka mapajani, sikuitoa nyumbani. Niliwaambia watu, basi likifika, Percy akashuka bila kamera, nitaivaa tena hii nyeusi na yeye atanivua mbele ya kila mtu, kama ilivyotakiwa. Mama Eulalia alisema mimi mjinga. Nikamwambia, ni mdogo wangu, niache niwe mjinga asubuhi moja.

Ukaingia uani kamera shingoni. Ukaona sketi yangu nyekundu. Hukunikumbatia, ulitazama ukuta. Ukasema, dada, vaa tena ile nyeusi, turudie haraka, mwanga umeshafika.

Nilikuwa nimeishika mkononi, Percy. Nilikuwa nimeshaanza kusimama ili niivae, nikaketi tena.

Siku ya tano baada ya kuondoka kwako nilivuta lile sanduku lako chini ya kitanda cha mama. Sweta la shule, suruali ya bluu, shati lako la kipaimara, na poncho ya sufu aliyokufumia mama. Nikazipeleka mtoni. Mama Eulalia akanifuata anasema, Teo, mwenye nguo yu hai, utamwitia balaa. Nikamwambia simwombei kifo, na aishi mpaka azeeke huko Lima. Lakini yule ndugu yangu aliyelia pale mtoni mwaka jana simwoni tena, na nguo zake siwezi kukaa nazo na harufu yake. Akakunja sketi, akaingia majini pamoja nami. Hakuna aliyetania safari hii.

Poncho nimempa mjukuu wa Wenceslao. Zilizobaki tumezichoma.

Saa mbili jua lilipanda juu ya kilima, likaujaza mto wote. Ungefurahi. Niliinua shati lako la kipaimara mara moja, maji yakamwagika, nikalikamua. Sikurudia.

Teófila,
mtoto wa Basilia