Sababu Sikulia Kwenye Kilio cha Mama

Baraka, Fizi
Tarehe 15 Septemba 2024

Mupendwa Yaya Dorothée, dada yangu mukubwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Fabien na kwa batoto. Mwili wako unaendelea aje? Na ile mugongo iliyokusumbua tangu ulipomuzaa Junior, imepona? Huku Baraka mvua imeanza kidogo kidogo. Mi niko. Ninakula, ninalala, ninashona. Mukono wangu wa kushoto umefungwa bandeji lakini unakauka vizuri, na nitakuambia ulipatwa na nini.

Juma lililopita uliniuliza kwa simu kama ni kweli sikulia kwenye kilio cha Mama. Nikakujibu kwamba reseau iko mbaya, nikakata. Reseau ilikuwa nzuri, Yaya. Ni mi nilikosa la kusema. Kwa hiyo nimekaa chini, nimeandika.

Ni kweli, sikulia.

Unajua ugonjwa wangu wa kifafa, we ndiye ulikuwa unanishika kichwa nikianguka wakati tungali batoto kule Swima. Unachokosa kujua ni kwamba kabla ya mwaka jana nilikuwa nimemaliza miaka miwili na miezi minne bila kuanguka. Dawa nilimeza kila jioni, saa mbili, na kila mwezi nilienda kuichukua kwa munganga Jérémie, yule infirmier, muuguzi wa kituo cha afya karibu na soko. Nilianza hata kusahau kwamba niko mugonjwa.

Halafu mwaka jana masasi ya bunduki ikalia upande wa Lubondja, na batu ba huku bakaanza kukimbia. Tulivuka na Mama, aliyekuwa kwangu siku zile, kwa mutumbwi mupaka Ubwari, tukakaa kule majuma matatu. Tuliporudi, nyumba ilikuwa salama, hakuna kitu kilichoibwa. Lakini mi sikurudi vile nilivyoondoka. Mulango ukifungwa kwa nguvu, moyo unapiga mupaka naushika kwa mukono. Pumzi inakuwa fupi. Nikilala, ninaamuka kila saa kusikiliza. Na mwenye kifafa akikosa usingizi, kifafa kinarudi, hiyo naijua tangu zamani. Kwa hiyo nikaogopa kukosa usingizi, na ile hofu nayo ikafukuza usingizi.

Nikaingia kwenye famasi moja ndogo. Nikamuambia muuzaji niko na hofu. Hakuniuliza kama niko na ugonjwa mwingine, na mi sikumuambia. Akanipa vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza roho. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Jioni nilikimeza pamoja na dawa ya kifafa.

Hofu ilikwisha. Siku ya tatu tu ilikwisha. Lakini na vingine vyote vilikwisha nayo, Yaya. Nilishona kola ya shati mara mbili upande mubaya na sikukasirika. Bamama kwenye kwaya balicheka, mi niliona meno yao tu. Nilikuwa kama mutu aliyekaa ndani ya nyumba ya vioo. Kwa munganga Jérémie niliendelea kwenda kila mwezi, na vile vidonge sikumutajia hata siku moja. Niliogopa ataninyang'anya.

Kwa hali hiyo ndiyo kifo cha Mama kilinikuta. Mujomba Jacques alinipigia simu tarehe kumi na nane ya mwezi wa saba, akasema, "Clarisse, mama yako ameanguka asubuhi, presha, hakuamuka tena. Kuja." Nikamujibu, "Sawa, Mujomba." Nikamaliza mushono niliokuwa nao kwenye mashine, nikafunga kitambaa, nikapanda pikipiki.

Pale Swima nilikaa kwenye mukeka karibu na kichwa chake. Nilimuona. Nilijua ni Mama, nilijua amekufa, nilijua hatanisemesha tena. Nilikuwa najua vyote. Bamama balijitupa chini, mi nikabasogezea maji ya kunywa. Baliponiletea bugali na ndagala, zile samaki ndogo, nikala, nikamaliza sahani. Mumoja alisema nyuma yangu, na sauti haikuwa ndogo: "Muangalie huyu. Mama yake iko ndani ya sanduku, yeye iko natafuna." Hata hiyo haikuniuma.

Iliniuma kwa akili tu, niliporudi Baraka. Nikawaza: ni vile vidonge vinanizuia kumulilia Mama. Nikavitupa vyote ndani ya choo, siku moja. Nikafunga kula pia, nikaomba Mungu anirudishie machozi. Siku mbili sikuweka kitu mudomoni, na usingizi haukuja. Hata dawa ya kifafa nilisahau mara moja, kama si mara mbili. Sikumbuki sawasawa.

Siku ya tatu nilikuwa napiga pasi sare za batoto ba masomo, ile pasi ya kutia makala ya moto. Kutoka hapo sijui kitu. Ninayokuandikia nimeambiwa na Zubeda, jirani yangu anayeuza ndagala. Alisikia kishindo. Alikuta nimeanguka, pasi imelala juu ya mukono wangu, na batu batano bamesimama mulangoni. Bakamupigia kelele: "Usimuguse! Povu ya mudomo wake inaambukiza!" Zubeda akabajibu, "Basi iniambukize." Akatoa pasi, akanilaza kwa ubavu, akaweka kitenge chake chini ya kichwa changu. Hakunitia kijiko mudomoni wala kitu chochote. Ilipokwisha, ikaanza tena kabla sijaamuka, na mara ya tatu. Ndipo akasimamisha pikipiki, akanishikilia katikati yake na dereva mupaka kituo cha afya.

Nilipofungua macho nilimuona munganga Jérémie. Zubeda alikuwa amemuletea pakiti tupu aliyoiokota chini ya mashine.

Akaniuliza, "Hizi, nani alikuambia uzimeze na dawa yako?"

"Hakuna mutu."

"Na nani alikuambia uziache zote siku moja?"

"Hakuna mutu."

Akakaa kwenye kiti, akavua miwani. "Clarisse, zile dawa mwili ukizizoea, ukizikata ghafula ubongo unashituka. Hata asiye na kifafa anaweza kuanguka. We uko nacho, ukaongeza njaa, ukaongeza kutolala. Zubeda angechelewa, leo tungeongea mengine."

Nilimusikia. Nilifikiri kwamba nilipaswa kuogopa.

Akanituma kwa dokta kwenye hospitali kubwa. Dokta ameacha dawa ya kifafa vile vile, kila jioni saa mbili. Vile vidonge vya hofu amenirudishia, lakini vinapunguzwa nusu kwa nusu, kila baada ya majuma mawili, na munganga Jérémie ndiye anayenipa, si famasi. Nile asubuhi, nisifunge tena, nisinywe pombe hata ya harusi, nilale mapema. Siku ya Alhamisi ninaenda kwa mama mumoja pale pale kituoni, kazi yake kusikiliza batu. Ananifundisha kupumua polepole hofu ikija.  Mara ya pili nilimuambia habari ya ile sahani ya bugali. Hakushangaa.

Sijaanguka tangu ile siku, majuma matano sasa. Hofu imeanza kurudi kidogo. Munganga anasema ni vizuri, mi bado sioni uzuri wake. Machozi hayajakuja.

Sasa, Yaya, sababu kubwa ya barua hii. Tarehe ishirini na nane familia inatoa matanga kule Swima, na kutakuwa kukesha mupaka asubuhi. Nilimuambia Mujomba Jacques kwamba nitafika, nitapika sombe ya majani ya mihogo na bamama muchana wote, lakini saa mbili nitameza dawa na kulala. Akasema, "Mutoto wa marehemu halali siku ya kukesha. Hukumulilia, na sasa utamulalia?"  Kumuita muongo siwezi, na kumueleza nilishindwa.

We ndiye wa kwanza kuzaliwa, we anakusikia. Nakuomba umupigie simu kabla ya ile tarehe. Umusomee barua hii kama ni lazima, hata pale pa choo na vidonge, sina haya. Asipokubali, usigombane naye. Nitalala tu. Nimekwisha kumuomba Zubeda anisindikize, amekubali. Tutatandika mukeka ndani ya chumba cha Mama na kufunga mulango, nao baimbe inje.

Nilikuwa naogopa kwamba simupendi Mama. Mama wa Alhamisi aliniuliza nani aliyetaka Clarisse ameze dawa kila jioni kwa miaka yote ile. Ni Mama, Yaya. Niliporudi nyumbani nilimeza kabla ya saa mbili.

Munisalimie shemeji Fabien, na Vanessa na Junior. Zubeda anawasalimu, ingawa hamujuani. Mungu awafunike huko Lubumbashi, awape usingizi muzuri kila siku. Na ukimulilia Mama, Yaya, ulie na kwa upande wangu.

Ni mi mudogo wako, ninayekupenda hata siku hizi moyo unapokaa kimya,

Clarisse