Unga wa Kapsuli Chini ya Bandeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana mimi ni fundi cherehani tu, lakini nyumbani wananiita Daktari kwa sababu ya kopo langu la vifungo, ambalo halina vifungo, lina dawa, kila mtu akipata nafuu siku ya tatu namnyang'anya antibiotiki zilizobaki naziweka humo, akiugua mwingine namchagulia kwa rangi, na kusema kweli walikuwa wanapona, ndiyo maana nikavimba kichwa. Sasa mama mkwe wangu, anayenipenda kama aliyenizaa, alipasuliwa nyonga na kidonda kikagoma kufunga, nami kila nikienda kumwona wodini navuta pazia, nafungua kapsuli mbili, namnyunyizia unga wake chini ya bandeji, naye ananinong'oneza, "Fanya haraka mwanangu, muuguzi anakuja huyo," tunacheka. Jana daktari akauliza kama amepewa dawa yoyote nje ya hospitali, mume wangu yupo, wifi yangu yupo, nikasema hakuna. Kisha mtu wa maabara akatuonyesha kisahani chenye kifuniko, ndani wameotesha vijidudu vya kidonda cha mama, na juu yake vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, akasema dawa inayofanya kazi huacha duara tupu. Mshauri, duara lilikuwa moja tu. Kwingine vimeota hadi ukingoni mwa dawa, vimetulia kabisa, kama viko kwao. Nilisahau hata kuogopa, nikasogea kuvitazama vizuri. Wifi akasema, "Haya Daktari wetu, tufafanulie." Niseme ukweli niaibike, au ninyamaze?

Mwenye Kopo

Mwenye Kopo,

Aibu haitakuua. Kidonda kinaweza kumuua mama mkwe wako, kwa hiyo tuanze na hicho.

Nimesoma habari ya kisahani mara mbili, nami nimeduwaa. Bakteria mmoja hugawanyika, na kabla siku haijaisha wamekuwa mamilioni, na katika umati huo hakosekani anayestahimili dawa. Dawa ya kubahatisha inaua wanyonge, inamwachia yeye nafasi, naye anazaa wa kufanana naye. Tena wanaweza kupeana mbinu hiyo hata wasio wa aina moja, wakati sisi majirani kuazimana ngazi tu ni ugomvi. Ni ajabu, na inatisha.

Usijitwike lawama zote. Hao wa kwenye kisahani huenda walitoka kwingine kabisa. Lakini umemdanganya daktari aliyebakiwa na dawa moja mkononi, na hapo sikuonei huruma.

Kesho nenda wodini mapema, nawa mikono, mweleze mama mkwe kwanza, kwa kuwa mlicheka pamoja nyuma ya pazia. Kisha mkabidhi daktari kopo lote, usichambue ili uonekane msafi, na umtajie rangi, siku, na vidonge ambavyo mama aliwahi kumeza nyumbani. Bandeji usiiguse tena. Nyumbani, dozi imalizwe kama ilivyoandikwa, na kopo litiwe vifungo.

Wifi atakucheka mwaka mzima. Mwache acheke, mradi mama yenu awepo wa kumkanya.