Mpwa Wangu Hataki Mtambo Unaojaza Wageni

Dada Yuditha mpendwa, salamu nyingi kutoka Mashewa, nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana usiponishika mkono nitashindwa na mtoto wa dada yangu mbele ya wanawake, jambo ambalo halijanitokea tangu nizaliwe.

Kwanza unijue. Mimi ndiye Habakuki, ukifika stendi ya Korogwe ukalitaja jina hilo wapiga debe watagombea kukuleta. Shule niliishia darasa la tano, si kwa ujinga, ila mwalimu aliona namaliza majibu kabla hajamaliza maswali, akaona afadhali tuheshimiane. Zile enzi za foleni ya sukari kwenye duka la ushirika mimi tayari nilikuwa mfanyabiashara kichwani, nasubiri tu serikali ilegeze kamba, na ilipolegeza, dada yangu, niliuza miavuli Handeni mwaka ambao mvua haikudondosha hata tone, na katekista wetu nikamuuzia redio isiyo na betri, akaisikiliza wiki nzima na kusema taarifa za habari za siku hizi zina amani.

Sasa jambo lenyewe. Mpwa wangu Lea anafanya kazi intaneti kafe ya Handeni mjini. Ameungana na Nemayian, mama wa Kimasai ambaye yeye na wenzake wanatunga mikufu na bangili za shanga, nzuri mno, mke wangu alivaa mkufu mmoja nikataka kumposa upya. Miaka yote wanawauzia walanguzi wa barabara kuu wanaokuja na bei yao mfukoni. Lea akasema basi, tuuze kwa mtandao, akatengeneza tovuti ili watu wa Ulaya waone picha na kuagiza. Lakini tovuti peke yake ni kama duka lililojengwa porini, nani atalijua? Ndipo akaleta habari ya mitambo ya kutafutia. Mzungu akiandika kwenye kompyuta kwamba anatafuta shanga za Kimasai, mtambo unamtolea majibu yake, na pembeni tangazo letu linamkonyeza. Tangazo kukaa pale ni bure, unalipa pale tu mtu anapolibonyeza na kuingia dukani kwako. Mimi nilielewa papo hapo, kuliko hata Lea mwenyewe aliyenieleza: mtu akipita njia hakugharimu kitu, akiingia ndani unamwekea chai.

Mitambo iko mingi, wao wakajaribu miwili. Mmoja ni mkubwa duniani, kila mbonyezo bei juu, nikaubatiza Dume. Mwingine mdogo, bei chini, nikaubatiza Mtamba. Wakaigawa nusu kwa nusu sehemu ya pesa ya kikundi, ili waone nani anafaa, halafu iliyobaki yote iende kwa mshindi. Nikasema, nani hapa Tanga anajua kulinganisha mifugo kama mimi? Mimi nikimtazama ng'ombe mkiani najua bibi yake alikunywa maji ya mto gani. Niachieni!

Wewe unajua, kwetu ndugu akifungua duka watu hawapiti mlangoni kimya, lazima wapige hodi wampongeze. Basi nikatangaza kwenye kwaya, nikatangaza mnadani, nikapeleka habari Kerenge kwa shemeji zangu na Kwamsisi kwa binamu yangu wa baiskeli: duka la mpwa wangu liko ndani ya kompyuta, ukifika Korogwe ingia intaneti kafe, ubonyeze tangazo lake ukalipigie hodi. Weee! Waliitika. Mwimba besi wa kwaya alibonyeza mpaka kidole kikaota sugu. Mzee mmoja alivua viatu kwanza ndipo akabonyeza. Shemeji zangu walikodi gari, wakashona sare za vitenge, wakapiga hodi kwa Dume, wakapiga hodi kwa Mtamba, wakamalizia na vigelegele, mwenye kafe akafuta machozi. Na mimi mwenyewe kila siku ya soko nilipita kusalimia, nitatumaje watu nibaki nyumbani? Lea sikumwambia, nilitaka aone tu baraka zinamiminika.

Zikamiminika kweli. Lea alipofungua kuangalia, kwa Mtamba watu wamejaa kama harusini, kwa Dume wachache, yaani Dume ana dharau, ndugu zangu wote waliingia kwake na hakuwaandika. Mtamba ana adabu, kampokea kila mtu. Nikajua mshindi. Lakini tulipokutana kwa Nemayian, yule mtoto akaanza.

"Shikamoo mjomba. Oda zimekuja mbili, zote kwa Dume. Kwa Mtamba hakuna hata moja."

"Marahaba mwanangu. Huo umati huuoni?"

"Umati nauona, mjomba. Mnunuzi ndiye nisiyemwona."

"Mgeni siku ya kwanza hanunui, anaangalia nyumba."

Nemayian akadakia bila hata kuinua macho kwenye uzi wake, "Mzee Habakuki, mimi mnadani nikizungukwa na watu wasiouliza bei, nashika mfuko wangu."

Wanawake wakacheka mpaka sinia la shanga likapinduka. Nikawaacha wacheke, kisha nikawasimulia ile ya miavuli, na wengi wakahamia upande wangu, mimi nikiongea hata kuku wanaacha kudonoa. Jumamosi hii ndiyo wanaamua. Pesa iliyobaki inatosha mtambo mmoja tu, ikiisha bila oda wanarudi kwa walanguzi. Lea anasema Dume, mimi nasema Mtamba, na siku hizi ananisalimia akiwa ameangalia ukuta, na mtoto yule, Dada, nilimfundisha mimi kuendesha baiskeli.

Nimfanyeje akubali bila kununa? Na je, nikodi basi zima la wageni Ijumaa, ili Mtamba aonekane zaidi?

Ni mimi mwenyewe, Habakuki wa Mashewa.

*Bi Yuditha anajibu:*

Kaka Habakuki, usikodi basi. Kabla hujaendelea kusoma, rudi mwanzo wa mstari huu uusome tena.

Nimeicheka barua yako mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, halafu nikafika kwenye zile sare za vitenge na kicheko kikanikauka. Wewe mwenyewe umeandika, kwa mkono wako, kwamba anayebonyeza anawekewa chai. Chai hiyo inalipwa na nani? Na Nemayian na wenzake. Mwimba besi amekunywa, shemeji zako wamekunywa na vigelegele juu, wewe umekunywa kila siku ya soko, na hakuna hata mmoja aliyeondoka na bangili. Duka la matofali, ndugu wakijaa mlangoni, mwenye duka anapata heshima na hapotezi kitu. Duka hili la kwenye kompyuta hodi yenyewe ndiyo inayotozwa. Umewapelekea wanawake wale gharama, ukaiita baraka.

Na Dume wa watu usimsingizie dharau. Mitambo mingine ina walinzi. Ikiona mibonyezo chungu nzima inatoka kwenye kompyuta zilezile za kafe moja, inaiweka pembeni na haimtozi mwenye tangazo. Ndugu zako kule walichukuliwa kama watu waliokosea mlango. Mtamba yeye aliwapokea wote kwa sababu anakula kwa kila kichwa kinachoingia, na hakutaka kujua ni kichwa cha nani.

Unapenda mifugo, haya, tuseme kimnada. Wewe umehesabu waliomzunguka ng'ombe. Lea amehesabu waliotoa pesa. Bei ya mbonyezo mmoja kuwa chini haina maana kama mibonyezo yote haijaleta mkufu hata mmoja, na bei ya juu si kitu kama wachache wanaoingia ndio wanaonunua. Hivyo ndivyo mitambo hii inavyolinganishwa, na mpwa wako alishajua kabla hujaanza kuvua watu viatu. Sisemi Mtamba ni mbovu. Hakuna anayejua, maana hajapimwa. Umemjaza wajomba.

Najua unampenda huyo mtoto, mtu asiyependa hahamasishi kwaya nzima. Ndiyo maana nakukaripia. Leo hii wanawake wanaotegemea shanga zao wanakaribia kuitupa pesa yao ya mwisho kwenye shimo, si kwa sababu wameelewa, bali kwa sababu wewe unasimulia vizuri. Hiyo si sifa, kaka yangu, hiyo ni hatari.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, tuma habari kwa kwaya, kwa Kerenge na kwa binamu wa baiskeli: mikono mbali na tangazo, na anayetaka kumpongeza Lea akanunue bangili kwa Nemayian, taslimu. Wewe panda gari uende Handeni umwambie Lea hodi zote, za kwako na za uliowatuma, asitafute mchawi wa umati ule. Mwambie awaandikie wenye Mtamba kueleza yaliyotokea. Huenda wakarudisha kidogo, huenda wasirudishe, lakini aandike. Hatakusalimia tena akiangalia ukuta, ingawa siku ya kwanza jiandae kusemwa.

Jumamosi uwe wa kwanza kusimama, kwa mdomo huohuo uliowavuta, uwaambie wanawake kwamba umati wa Mtamba ulikuwa ukoo wako. Watacheka sana. Usiongeze hadithi. Kaa chini, mwache Lea aeleze kwa nini pesa iende kwa Dume, na mtu akikugeukia kukuuliza wewe unaonaje, mwonyeshe Lea kwa kidole, unyamaze.

Najua kunyamaza ni fani mpya kwako. Mashewa mpaka Handeni si karibu, anza kujizoeza ukiwa garini.