Karatasi ya Soda

Mpendwa Papa,

Jana nilifukuzwa kazi kwa sababu ya karatasi. Nakuambia wewe kwanza, maana wewe uliuawa kwa sababu ya karatasi.

Unaikumbuka siku watu wa mgodi walipokuja kijijini na makreti ya soda? Walisema wamekuja kutusikiliza, wakazungumza wao mpaka alasiri. Kisha wakapitisha karatasi ya mahudhurio. Mimi nilikuwa darasa la sita na hati yangu ya mkono ilikuwa fahari yako. "Andika jina langu vizuri, mama," uliniambia, ukiniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yako. "Ni liste tu, orodha ya kugawia soda." Nikaandika lako, nikaandika na ya majirani. Ukakandamiza dole gumba, ukacheka ulivyochafuka wino.

Mvua zilipokwisha walirudi na katapila na askari. Ulisimama mlangoni ukasema hatukukubali. Ofisa akakuonyesha karatasi ile ile, juu yake wameongeza maneno: sisi wote tumekubali kuhama. Ulinigeukia, Papa. Wakakupiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamwagika, na ulipojaribu kuinuka wakakupiga risasi. Katapila likapita juu ya nyumba, juu ya mihogo, juu ya kaburi la mama yako. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Langu mimi nilikulisha wewe.

Sasa nakaa Scarborough, pembezoni mwa Toronto, na hadi jana nilikuwa namimina kahawa kwenye mikutano ya hoteli moja katikati ya jiji. Jana kampuni ya madini ilikutana na wenyeji wa asili kutoka kaskazini, watu ambao mababu zao walitiliana sahihi mkataba na Waingereza juu ya ardhi yao. Sheria ya huku inataka washauriwe kabla ya kuchimba. Nikaona ramani ukutani. Nikaona biskuti na soda. Kisha bwana mwenye tai akapitisha karatasi, akasema ni ya mahudhurio tu.

Birika sijui nililitupa wapi. Nilimpokonya bibi mmoja wa wale wenyeji kalamu, nikaichana ile karatasi, na bwana wa tai aliponishika nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Walinzi wakanibwaga chini, goti mgongoni, nami napiga kelele kwa Kiswahili: "Msiandike! Msiandike!"

Yule bibi akapiga magoti kando yangu, akaniwekea kipande cha karatasi ile mbele ya macho. Karibu na jina lake alikuwa ameandika: Nimekuja. Sijakubali.

"Babu yangu alichora msalaba kuwa sahihi yake kwenye mkataba, pale walipomwonyesha," alisema. "Sisi tumejifunza. Wewe unamlilia nani?"

Nikamtajia jina lako. Sikuwa nimelitamka mbele ya mtu tangu nifike nchi hii. Akawaambia walinzi waniinue, akanipa kalamu ile niliyompokonya.

Nililiandika vizuri, Papa, kama ulivyotaka, chini ya jina lake. Kando yake nikaandika: Alikuja. Hakukubali.

Ndipo wakanitoa nje.

Pumzika sasa.

Ni mimi, binti yako mwenye hati nzuri.